Subaru ya turbo hapa Mtwara: seti moja au mbili?

Mkuu, umeuliza kama Impreza yako uifunge matairi ya misimu yote au ununue seti mbili, ya kiangazi na ya masika. Seti mbili ni mambo ya nchi zenye theluji. Kule baridi ikishuka chini ya nyuzi 7, mpira wa tairi la kiangazi hukakamaa na kupoteza mshiko. Mtwara tunalalamika baridi tukiwa kwenye nyuzi 20!

Kwa gari lenye nguvu kama lako, chukua matairi ya kiangazi yenye mifereji mipana ya kutoa maji, uyatumie mwaka mzima. Jina lisikuchanganye, kwenye mvua ya joto yanashika vizuri kuliko ya misimu yote. Ila kashata (michongo ya mpira inayokanyaga barabara) zikibaki milimita 3, badilisha kabla ya Desemba, maana ukikuta maji yametuama njia ya Mingoyo, gari litaelea tu.

Kitu cha kuogopa zaidi ni mitumba ya Japani. Geuza tairi usome ubavuni: ukiona STUDLESS au alama ya mlima wenye theluji, hilo ni tairi la theluji, achana nalo hata kama kashata zimejaa. Mpira wake ni laini, kwenye lami yetu ya moto linalika haraka na kona linayumba. Soma na tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba ya ubavuni, ujue tairi lilitengenezwa lini. 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019.

Bajeti ikibana, misimu yote mapya yanafaa, mradi upunguze mbio.