Barua kwa mwanangu Bahati: bunduki ya mwenzako wa kazini

Mwanangu Bahati,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara tatu, mara ya mwisho mama yako amekwisha lala. Unasema mwenzako wa kazini huko Texas alikupeleka Jumamosi kwenye uwanja wa kulenga shabaha, akakukabidhi bunduki nyeusi, AR-15, na mikono ikakutetemeka. Umeniuliza: je, ni ileile ya askari? Wanaoinunua ni watu gani? Na wewe, mwenye mke na watoto wawili, ununue?

Unajua nilikuwa fundi wa silaha katika jeshi la Zaire, hapa kambi Saio, kabla hujazaliwa. Basi nianze na la fundi.

Tazama ubavuni, juu ya mshiko, pale dole gumba linapofika. Kuna kijiti kidogo cha chuma. Kwenye M16 ya askari wa Marekani kijiti hicho kina vituo vitatu: kufunga, risasi moja moja, na mfululizo. Kwenye ya mwenzako vituo ni viwili tu, kufunga na moja moja. Kila risasi inataka kidole kivute upya. Kalashnikov za kwetu zina mpangilio mwingine: ukiteremsha kijiti kutoka kufunga, kituo cha kwanza ni mfululizo, na moja moja iko chini kabisa. Makadogo, wale askari watoto wa waasi wa Kabila, walioingia Bukavu mwaka 1996 wengi waliishia kituo cha kwanza. Sisi tuliolala chini ya vitanda tulilijua hilo kwa masikio.

Kwa hiyo si ileile, na anayekuambia kwamba hazina tofauti yoyote hajapata kuifungua. Lakini askari aliyefunzwa vizuri naye hupiga moja moja mara nyingi, kwa sababu mfululizo unapoteza risasi na mtutu unapanda juu. Hapo tofauti inapungua sana. Na risasi ni ndogo, nyembamba, yenye mbio za zaidi ya mita 900 kwa sekunde.

Hizo herufi AR zinatokana na ArmaLite, kampuni alikofanya kazi Eugene Stoner, aliyeibuni miaka ya 1950. Colt walinunua haki zake mwaka 1959, na mwaka 1964 wakaanza kuwauzia raia ile ya vituo viwili, huku jeshi likichukua nduguye. Tangu 1986 sheria ya Marekani hairuhusu raia kununua bunduki mpya ya mfululizo. Kuanzia 1994 hadi 2004 hata nyingi za moja moja zenye umbo la kijeshi zilikatazwa kutengenezwa kwa ajili ya raia. Muda wa sheria hiyo ukaisha, haikurudishwa, na biashara ikafumuka. Leo wenye viwanda wenyewe wanakadiria zimepita milioni 20.

Sasa wanunuzi. Usidhani ni majambazi, mwanangu. Uchunguzi wa gazeti la Washington Post pamoja na Ipsos, kampuni ya kukusanya maoni, mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya 20 anayo, na sababu iliyotajwa kuliko zote ni kujilinda. Wapo waliotoka jeshini, mikono yao inaijua. Wapo wakulima wa huko Texas wanaowinda nguruwe pori wanaofukua mashamba usiku. Wapo wapenda shabaha, kama mwenzako. Na wapo wanaokimbilia dukani kila serikali inapotaja marufuku, kwa hofu kwamba kesho hawataipata. Hofu inauza kuliko tangazo.

Na yupo kijana wa Uvalde, hukohuko Texas. Wakati ule sheria ya nchi ilimkataza mwenye duka kumuuzia bastola aliye chini ya miaka 21, lakini bunduki ndefu aliweza kumuuzia wa miaka 18. Alipotimiza 18 akanunua. Tarehe 24 Mei 2022 aliua watoto 19 na walimu 2. Nakubali kwamba wengi wanaouawa kwa bunduki Marekani wanauawa kwa bastola. Hata hivyo wale watoto siwezi kuwapita.

Swali lako la tatu nitalijibu kwa jambo ambalo sijawahi kukuambia. Mwaka ule wa 1996 askari waliokuwa wakikimbia waliuza bunduki kwa bei ya chakula. Jirani yetu wa Kadutu alinunua moja. Aliifunga katika kitenge cha mkewe, akaificha darini, akaniita usiku niikague. Aliniambia, “Ni kwa ajili ya watoto.” Nikaifungua, nikaisafisha, nikaipaka mafuta, nikamsifu kwamba ni nzima. Baada ya miezi michache mtu alisema. Wakaja wanaume usiku wakaitaka, akawapa. Wiki iliyofuata wakarudi kutaka ya pili, ambayo haikuwepo. Kuwatuliza aliuza cherehani ya mkewe, kisha mbuzi, kisha mabati ya jikoni, mpaka yeye na familia yake wakahama usiku bila kuaga. Bunduki ile haikufyatua hata risasi moja. Mafuta niliyoyapaka nayanusa hadi leo.

Najua Texas si Kadutu, hakuna atakayekujia usiku kuidai. Ila wewe ulinieleza kwamba nyumba mnayopanga kuta zake za ndani ni mbao na jasi. Risasi ile haisimamishwi na ukuta wa namna hiyo, wala haijui unayemlenga ni nani na aliyelala nyuma yake ni nani. Mimi sitaki uinunue. Mwenzako mheshimu, nenda naye uwanjani ukipenda, mrudishie bunduki yake, urudi nyumbani.

Usiku wa leo, watoto wakiisha lala, simama chumbani kwako, gonga kwa kidole ule ukuta ulio kati ya kitanda chako na vitanda vyao. Kisha nipigie simu uniambie umetoa sauti gani.

Baba yako,
Bukavu