Maneno ya nguo kwa Kichina: usikariri jina peke yake

Ukikariri kwamba kùzi ni suruali na xiézi ni viatu, ukaishia hapo, utakwama dukani Guangzhou kwenye sentensi ya kwanza: "nataka suruali mbili." Katika Kichina namba haigusani na jina la kitu. Katikati hukaa neno la kuhesabia, kwa hiyo suruali mbili ni liǎng tiáo kùzi. Hapo mbili ni liǎng, si èr.

Tiáo ni ya vitu virefu vinavyolegea: suruali, sketi (qúnzi), skafu, taulo. Shati na koti huchukua jiàn, viatu na soksi shuāng, kofia dǐng. Mwavuli, kitana na hata kiti huchukua bǎ. Sisi tuliolelewa na ngeli, tunaosema kitana kimoja na koti moja bila kufikiri, hatuna sababu ya kuliogopa jambo hili. Kwenye daftari andika yì tiáo kùzi, yì shuāng xiézi, kila jina na mwenzake. Ila yī (moja), inayosomwa yì hapo juu, hugeuka yí mbele ya toni ya nne, ile ya sauti inayoshuka ghafla: yí jiàn chènshān, shati moja.

Kinachotuponza zaidi ni kitenzi "kuvaa". Kwetu unavaa shati, miwani na saa. Wachina wanagawa: chuān kwa nguo, viatu na soksi, dài kwa kofia, miwani, saa na pete. Kuvua nako ni hivyo hivyo: nguo na viatu tuō, miwani na saa zhāi.

Toni nazo usiziache za baadaye. Bēizi, sauti ikiwa juu na imenyooka, ni kikombe. Bèizi, sauti ikishuka ghafla, ni lile blanketi nene la kulalia lenye pamba ndani. Mǎi ni kununua, mài ni kuuza.

Maneno 6 kwa siku yanatosha. Asubuhi ukivaa, sema kwa sauti: chuān kùzi, chuān wàzi (soksi), dài shǒubiǎo (saa). Usiku, ukivua: tuō wàzi, zhāi shǒubiǎo. Karatasi za kubandika kabatini husaidia siku 3 hivi, kisha jicho linazizoea na halisomi tena. Zibandue, ujaribu bila kuona.

Na kiatu kikibana, uliza: yǒu dà yí hào de ma? Yaani, kipo cha namba moja zaidi?