Dadu Hazikukuonea, Ndugu Yangu

Msomaji wa Lindi mjini kaniandikia kwa uchungu. Kacheza Waterloo mezani, mchezo wa dadu unaoiga vita ambamo Napoleon, mfalme wa Ufaransa, alishindwa na Waingereza na wenzao, kashika upande wa Ufaransa, kapigwa, na anasema dadu zilimwonea. Kwa maelezo yake mwenyewe, alirundika wapanda farasi wote na kuvamia katikati kwa mpigo mmoja. Mpinzani alijificha nyuma ya kilima, theluthi ya vikosi akaiweka akiba. Uonevu siuoni hapo.

Tupige hesabu. Kikosi kinatupa dadu 6, na kila inayotoa 4, 5 au 6 inaua askari mmoja wa adui. Wastani ni kuua 3. Lakini kupata 2 au pungufu hutokea mara 22 katika 64, zaidi ya theluthi. Ukiiweka vita nzima kwenye mtupo mmoja, umeikaribisha hiyo theluthi ndani. Mwenye jeshi kubwa anatakiwa atupe mara nyingi, kidogo kidogo, bahati mbaya na njema zifutane. Kamari ya mpigo mmoja ni ya mnyonge, maana mchezo ukirefuka ataisha tu. Wachezaji wengi wanafanya kinyume, na inaniuma kila nikiona.

Ni kweli Mfaransa wa Waterloo anakimbizwa na saa. Tarehe 18 Juni 1815 Napoleon alichelewa kuanza akisubiri ardhi iliyoloa mvua ikauke, na jioni jeshi la Prussia, dola ya Kijerumani iliyoungana na Waingereza, chini ya jemadari Blücher likamwingilia ubavu wa kulia. Basi anza na mizinga tangu zamu ya kwanza. Mizinga ikikipunguza kikosi cha adui kutoka dadu 6 hadi 3, uwezekano wa adui kukosa zote unapanda kutoka 1 katika 64 hadi 1 katika 8. Hapo ndipo unavamia.

Wapanda farasi usiwapeleke peke yao. Ney, jemadari wa Napoleon, aliwapeleka bila askari wa miguu wa kutosha, Waingereza wakajipanga miraba, yaani umbo la pembe nne lenye visu vya bunduki vimeelekea nje pande zote, farasi wakawa wanaizunguka tu. Mezani kazi ya farasi ni kumlazimisha adui aingie kwenye mraba. Mraba umesongamana, mizinga inaula vizuri. Kosa linalorudiwa ni kuwaacha farasi wamesimama mbele ya mizinga yako mwenyewe, ukashindwa kupiga. Wasogeze pembeni kwanza, askari wa miguu wafuate, na kikosi kimoja cha farasi kibaki nyuma hakijachoka.

Kama bado unaishuku dadu, ipime kwa maji ya chumvi, na chumvi huku kwetu kusini haina shida. Ikoroge kwenye bilauri ya maji ya moto mpaka isiyeyuke tena, acha yapoe, tia dadu. Nyingi za plastiki zitaelea. Igonge kwa kidole mara 10 au zaidi. Uso uleule ukirudi juu karibu kila mara, ina uzito upande mmoja, itupe. Nyuso zikibadilikabadilika, dadu ni nzima. Ukicheza barazani, tupia ndani ya boksi lililotandikwa kitambaa, na mkubaliane kabla ya kuanza kwamba iliyoegemea ukingo inatupwa upya.