Mwanafunzi wa usanifu majengo na majengo ya waliotangulia

Ndugu mleta mada, umeuliza kama kuwaonyesha wanafunzi wa usanifu kazi za waliotangulia hakuwafanyi wawe wanakili tu. Nimesimamia studio, yaani darasa la mazoezi ya kusanifu, ya mwaka wa pili kwa miaka mingi, na ninaamini kwamba anayenakili ni yule aliyeonyeshwa picha peke yake, kwa maana picha humpa sura ya jengo bila sababu yake.

Ndiyo maana mimi huanza na tepu ya kupimia. Tulipowapeleka wanafunzi Mji Mkongwe wa Zanzibar, niliwazuia kupiga picha siku nzima ya kwanza, wakapima nyumba moja ya mawe na kuchora kwa mkono ramani yake na mchoro wa mkato, yaani unaoonyesha nyumba kana kwamba imekatwa wima toka juu hadi chini. Mmoja wao aliona kuwa vyumba ni virefu lakini upana wake haufiki mita 3, akadhani ni mazoea ya wenyeji. Nikamwambia atazame juu. Alizihesabu boriti moja moja, akazipima, na hapo akatambua kuwa mti wa mkoko ndio ulioamua upana wa chumba, kwa sababu haukuweza kuvuka nafasi kubwa zaidi ukiwa umebeba dari nzito ya mawe na chokaa.

Kisha nilimpa swali: kama boriti zingekuwa za chuma, nini kingebaki katika nyumba hii? Lilimsumbua wiki mbili. Bweni alilolisanifu halikuwa na matao wala milango ya nakshi, na vyumba vyake vilikuwa vipana. Lakini baraza na ua wa ndani vilibaki, kwani alikwisha kuona kwamba hivyo havikutokana na boriti, bali na haja ya kupokea wageni na kupitisha hewa.

Chagua majengo ambayo sababu yake inaonekana. Soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli, lenye miamvuli ya zege inayokinga jua na kukusanya maji ya mvua, linafaa sana. Shule ya Gando, Burkina Faso, iliyosanifiwa na Francis Kéré, inafaa pia: paa la bati limeinuliwa juu ya dari ya matofali ili joto litoke. Niliwahi kuletewa paa kama hilo juu ya ukumbi uliofungwa vioo na viyoyozi. Sikulikataa, nilimwomba mwanafunzi achore mishale ya kuonyesha njia ya hewa kwenye mkato wake, na kabla ya kufika mshale wa tatu akaomba karatasi nyingine.