Kompyuta ya kwanza ni ipi hasa?

Mkuu, umeuliza kama ENIAC ndiyo kompyuta ya kwanza duniani. Inategemea unaita nini kompyuta. Mhandisi Mjerumani Konrad Zuse alikuwa na mashine yake, Z3, inapiga kazi Berlin mwaka 1941, programu (orodha ya amri) ikiwa imeandikwa kwa matundu yaliyotobolewa kwenye utepe wa filamu. Mabomu ya vita yakaiteketeza. Waingereza nao walikuwa na mashine yao, Colossus, kufikia 1944, ila ilifichwa kama siri ya serikali hadi miaka ya 1970, ndiyo maana ENIAC ya Marekani ikabeba sifa peke yake.

Hiyo ENIAC, iliyooneshwa hadharani Februari 1946, ilikuwa dude la tani 30 hivi, lenye valvu za kioo (taa za umeme zinazofanya kazi kama swichi) karibu 18,000. Ukitaka ifanye hesabu nyingine unachomoa nyaya na kuzichomeka upya, unageuza swichi, siku zinakatika. Kazi hiyo waliifanya wanawake sita ambao kwa miaka mingi hakuna aliyewataja.

Mimi kura yangu naipeleka Manchester, Uingereza, 21 Juni 1948. Mashine yao ndogo, Baby, ilihifadhi programu ndani ya kumbukumbu yake yenyewe, jambo ambalo hata simu yako ya kitochi inalifanya leo. Programu ilikuwa na amri 17 tu: tafuta kigawo kikubwa kabisa cha 262,144, ukiiacha namba yenyewe. Ikajaribu namba moja moja ikishuka, na baada ya dakika 52 ikatoa 131,072. Nusu yake tu, jamani!