Murabaha kwenye nchi yenye dola mbili: mkuu, usisaini hiyo karatasi

Usisaini. Salamu tutapeana baadaye.

Kwa mliochelewa kufika: mleta mada yuko Muscat. Kampuni ya shemeji yake inataka kupeleka pampu za sola za umwagiliaji Syria, kwa kuwa utawala umebadilika na milango imeanza kufunguka. Benki ya Kiislamu ya huko itanunua pampu na kuwauzia wakulima kwa murabaha (mauzo ya gharama pamoja na faida inayotajwa wazi, yanayolipwa kidogokidogo) ya miezi 18. Bei itaandikwa kwa pauni ya Syria kwa kiwango cha dola cha benki kuu, na kampuni italipwa kadiri marejesho yanavyoingia. Kauliza mambo matatu: mkataba uko sawa kisharia? Pesa za Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah zinaweza kuingia humo? Na takaful (bima ya Kiislamu) ya mzigo anakata nani? Halafu katikati ya maelezo, kama anayetaja hali ya hewa, kaandika kwamba dola ya benki na dola ya mtaani hazilingani "ila inasemekana watarekebisha".

Mkuu, mkataba wako wote uko kwenye huo mstari. Ndiyo, WATAREKEBISHA. Hapo ndipo unapopigwa.

Twende Sudan, maana ni filamu ileile. Bashir aliangushwa Aprili 2019, na Agosti mwaka huohuo Abdalla Hamdok akaapishwa kuongoza serikali ya mpito. Alirithi deni la nje la kama dola bilioni 56, mabenki yaliyokuwa yakiendeshwa Kiislamu tangu miaka ya 1980, na dola yenye bei zaidi ya moja. Rasmi ilikuwa pauni 55, mtaani ni mara kadhaa ya hapo, na forodha nayo ilikuwa na dola yake peke yake ya kupigia ushuru, ya bei ya chini kuliko zote. Jumapili ya tarehe 21 Februari 2021, benki kuu ikatangaza kiwango elekezi cha pauni 375. Watu walilala dola ikiwa 55, wakaamka ni 375.

Sasa chukua kalamu. Pampu imekugharimu dola 1,000. Kwa kiwango cha 55 hiyo ni pauni 55,000. Weka faida ya asilimia 20, bei ya murabaha inakuwa 66,000, marejesho 12 ya pauni 5,500 kila mwezi. Mkulima kalipa vizuri miezi minne, umeshika pauni 22,000. Ukiwa na bahati ya mtende na benki ikakubadilishia kwa 55, hizo ni dola 400. (Haikubadilishii. Foleni ya dola rasmi unaijua au hujawahi kupanga? Lakini tukupe hiyo bahati.) Kisha Jumapili ile inafika. Zimebaki pauni 44,000, gawanya kwa 375, unapata dola 117. Jumla dola 517 kwa kitu ulichonunua kwa 1,000. Mkulima hajakukosea hata senti, kalipa kila mwezi kwa wakati. Umekula hasara ya karibu nusu ya mtaji kwenye mkopo ambao kwenye vitabu unasomeka "safi kabisa".

Na usidhani utarudi kwa mkulima kumwambia bei imepanda. Murabaha ni mauzo. Ukishauza, bei imefungwa, na kilichobaki ni deni, na deni haliongezwi. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilishalimaliza hili Kuwait mwaka 1988: deni la sarafu fulani hulipwa kwa kiasi kilekile cha sarafu hiyo. Halipandishwi kwa sababu thamani imeshuka, wala halifungwi kwenye kipimo cha bei za vitu. Ukimwongezea muda, hulipwi kwa huo muda. Akichelewa kwa makusudi, faini inakwenda kwenye sadaka, sio mfukoni mwako. Benki ya riba ingepandisha riba ya mkopo ikajikwamua kidogo. Wewe huna huo mlango, na hupaswi kuwa nao, ndiyo maana hesabu yote inafanywa KABLA ya kuuza.

Hapa naomba nitoe la moyoni. Kuna aina ya mshauri anayezunguka na begi la ngozi na cheti, hoteli mpaka hoteli, akiwaambia wafanyabiashara: "Haina riba, kwa hiyo haina hatari." Wa kwangu simtaji jina, mwenyewe akisoma hapa atajikuna. Hiyo sentensi imenigharimu kiasi ambacho nyumbani hadi leo wanaamini kilinunua kiwanja Kigamboni. Kiwanja chenyewe sijui kiko upande gani wa bahari. Murabaha inaondoa riba, hatari ya sarafu inabaki palepale imekaa inakunywa kahawa. Na huyo bwana alilipwa ada yake kwa dola, taslimu, siku ya kwanza. Ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini hataki pauni.

Kuna atakayesema: basi andika deni kwa dola. Haya, fanya hesabu ileile upande wa mkulima. Dola 1,200, rejesho dola 100 kwa mwezi. Kabla ya Februari alikuwa anatafuta pauni 5,500. Baada ya Februari anatafuta 37,500, na vitunguu vyake anauza kwa pauni. Tena Juni mwaka huo ruzuku ya petroli na dizeli ikaondolewa, na kufikia Julai mfumuko wa bei ulikuwa umepita asilimia 400. Hatalipa. Utabaki na haki yako kwenye karatasi na pampu kuukuu shambani kwa mtu. Dola andika kwa anayeuza kwa dola: msafirishaji wa ufuta, wa gundi ya mgunga (gum arabic), wa mifugo inayopanda meli kwenda Jeddah. Mkulima wa sokoni usimguse na dola.

Kanuni ni hii, iandike ukutani: nchi yenye dola mbili haiuziwi kwa bei ya kufunga zaidi ya siku 90, na sarafu ya deni iwe ileile anayopokea mdaiwa.

"Lakini nitajuaje lini watarekebisha?" Tarehe huijui, mwelekeo unaujua, kwa sababu unachapishwa. Sudan waliingia mpango wa kufuatiliwa na Shirika la Fedha la Kimataifa, bodi ikaupitisha Septemba 2020, na kuunganisha viwango vya dola kulikuwa humo ndani wazi kabisa. Miezi mitano kabla! Nchi ya mpito inapotaka kufutiwa madeni inapangiwa foleni: ruzuku za mafuta, kiwango cha fedha, dola ya forodha, malimbikizo ya deni la Benki ya Dunia, ndipo msamaha. Sudan foleni ilikwenda hivyohivyo: Februari kiwango, Machi malimbikizo ya Benki ya Dunia yakalipwa kwa mkopo wa daraja (wa muda mfupi wa kuvushia) wa Marekani wa dola bilioni 1.15, Juni dola ya forodha ikafutwa, tarehe 29 Juni wakafika hatua ya kuamuliwa msamaha wa madeni. Kwa hiyo ukiona nchi inashangilia kulipiwa malimbikizo yake, kama Syria ilivyolipiwa na Saudi Arabia na Qatar mwaka 2025, wewe usishangilie bado. Tafuta ripoti, nenda sehemu ya "sera ya kiwango cha fedha", soma kinachotakiwa kufanywa. Sisi wenzenu tulisoma magazeti ya burudani.

Dola ya forodha iliwaumiza watu wengine kabisa, na hii naiona inakuja kwako. Gharama ya murabaha inajumlisha bei ya bidhaa, nauli ya meli, takaful na ushuru. Mtu alipiga ushuru kwa dola ya forodha ya pauni 28, akamuuzia mteja mzigo ungali baharini kwa kutegemea hati. Meli inatia nanga Port Sudan, dola ya forodha imeshafutwa, ushuru unapigwa kwa kiwango cha soko, zaidi ya pauni 400. Bei imefungwa, tofauti anaibeba muuzaji. Dawa yake iko ndani ya mpangilio wa murabaha wenyewe, kama utaufuata na sio kuuruka: mteja anaomba, anaahidi kununua, anaweka amana ya kuonyesha nia, benki inanunua na kupokea mzigo mkononi, NDIPO inamuuzia. Kati ya ahadi na mauzo bado hakuna bei iliyofungwa. Kwenye karatasi ya ahadi usiandike namba ya pauni. Andika "gharama halisi siku ya kupokea mzigo, kwa kiwango ambacho benki imenunulia dola, jumlisha asilimia kadhaa". Namba inaandikwa kwenye mkataba wa mauzo, baada ya ushuru kulipwa na risiti kuonekana. Wengi wanaandika bei kutoka kwenye profoma (invoisi ya makadirio) kwa sababu mteja "anataka kujua kabisa". Anataka kujua, sawa, mpe makadirio.

Na angalia invoisi. Ikitoka kwa jina la mkulima badala ya benki, benki haijamiliki kitu, na hiyo sio murabaha tena, ni mkopo uliovaa kanzu.

Kwa pampu, mimi ningekwenda na ijara inayoishia umiliki. Pampu inabaki mali ya benki, mkulima anakodi. Kodi ya kipindi cha kwanza, tuseme miezi mitatu, inaandikwa kwa namba kamili. Vipindi vinavyofuata kodi inapangwa upya kwa kigezo kilichoandikwa tangu mwanzo, chenye dari na sakafu ili asije akanyongwa mtu. Viwango vya AAOIFI, shirika linalotunga kanuni za mabenki ya Kiislamu, vinaruhusu hilo, namba 9 isome mwenyewe. Kiwango kikipinduka, umeumia kipindi kimoja tu, sio miezi 18. Ugumu wake ni kwamba mwenye mali ndiye anabeba matengenezo makubwa na takaful, huwezi kumsukumia mkulima kisha ukaita ijara. Haya, swali la takaful nimelijibu humo, usiseme sikujibu. Kumpa pampu mwishoni kuwe kwa ahadi ya karatasi tofauti.

Njia nyingine ni salam: benki inalipa pesa yote leo, mkulima analeta mazao msimu ukifika, kiasi, daraja, tarehe na mahali pa kukabidhi vimeandikwa. Pesa hizo ananunulia anachotaka, pampu ikiwemo, ila usifunge mkataba mmoja kwa sharti la mwingine. Ubora wake kwenye nchi ya mpito ni kwamba unadai magunia, na gunia haliporomoki pamoja na pauni. Mabenki ya Sudan yaliongeza kifungu kizuri sana: bei ya soko siku ya makabidhiano ikitofautiana na ya mkataba kwa zaidi ya theluthi, pande mbili zinarekebishana ili asidhulumiwe mtu. Kifungu hicho kiombe kwa jina, *izalat al-ghubn*. Hasara ya salam ni kwamba lazima uwe na mnunuzi na ghala, ama utajikuta Muscat na tani 40 za vitunguu unawauliza majirani.

La Jeddah kwa haraka: pesa yao mara nyingi inapita serikalini au inakopeshwa mabenki ya ndani kwa fedha ya kigeni au kwa dinari ya Kiislamu, ambayo ni sawa na SDR moja (kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa). Benki ya ndani inadaiwa kwa fedha ngumu, mkulima anailipa pauni. Shimo lilelile, limehamishwa ofisi. Na usiweke ratiba yako yote kwenye pesa za wafadhili. Sudan walifikia msamaha tarehe 29 Juni 2021, mapinduzi ya kijeshi yakatokea 25 Oktoba, Benki ya Dunia ikasimamisha malipo. Hazikutimia miezi minne. Gawa mzigo: kontena la pili lisiondoke mpaka la kwanza limelipwa, liandikwe hivyo kwenye mkataba na shemeji asije kulegeza kwenye simu usiku.

Weka hapa picha ya ukurasa wa bei na wa masharti ya malipo, majina yafute. Nataka kuona neno lililotumika kwenye "kiwango". Kama limeandikwa "kiwango rasmi" bila kusema cha siku gani na kimetangazwa na nani, mpigie shemeji sasa hivi, usisubiri kesho.