Nimeshafuta gemu, mbona bado nakatwa pesa?

*Shangazi, shikamoo. Kadi yangu ilikatwa ada ya mwezi ya gemu ambayo mwanangu wa miaka 10 aliipakua kwenye simu yangu. Nilimgombeza sana, nikaifuta. Jana wamekata tena. Mtoto anaapa hakununua chochote. Niende benki?*

Marahaba, mwanangu. Huenda mtoto anasema kweli. Gemu nyingi hutoa siku chache za kujaribu bure, na anayezikubali huwa amekubali pia kwamba zikiisha kadi ianze kukatwa. Yeye aliona "bure" tu. Zungumza naye, na kama ulimwita mwizi, mtake radhi.

Kufuta gemu hakusitishi malipo. Usajili umeshikwa na akaunti ya Google au Apple, si na gemu iliyokuwa kwenye simu, ndiyo maana umekatwa tena.

Benki iache kwanza. Ukikimbilia kuyapinga malipo huko, Google au Apple inaweza kuifungia akaunti yako, na ulivyonunua humo usivipate tena.

Sitisha usajili leo hii. Kwenye Android, fungua Play Store, gusa picha ya akaunti yako juu kulia, ingia kwenye malipo na usajili. Kwenye iPhone, fungua mipangilio, gusa jina lako, kisha usajili. Usipouona, basi uko kwenye akaunti nyingine, labda ya mtoto. Tafuta risiti kwenye barua pepe zote mnazotumia. Ya Google Play huwa na namba ya oda inayoanza na GPA.

Kusitisha huzuia makato yajayo tu. Pesa iliyokwisha kukatwa lazima uiombe, na hapo saa zina maana. Google hupokea ombi ndani ya saa 48 tangu kukatwa: ingia kwenye historia ya oda, chagua oda husika, ripoti tatizo. Ya jana bado unaiwahi. Kwa ile ya mwezi uliopita, mwandikie mtengenezaji wa gemu. Anwani yake ipo kwenye ukurasa wa gemu ndani ya Play Store. Kwa Apple, ingia reportaproblem.apple.com, uombe kurudishiwa kwa kila malipo. Malipo ambayo bado hayajakamilika hayaombewi, kwa hiyo subiri yapite.

Maelezo yawe mafupi: tarehe, namba ya oda, kwamba mtoto aliwasha usajili bila wewe kujua, gemu ilishafutwa na usajili umesitishwa. Usiandike kwamba kadi imeibiwa. Hilo ni dai jingine kabisa, na si kweli.

Wakikataa, waandikie tena ukieleza lile walilolikataa, kwani mara nyingi jibu la kwanza ni la mashine. Wakikataa tena, hapo ndipo uende benki na risiti pamoja na majibu yao.

Kisha, kwenye mipangilio ya Play Store au ya iPhone, weka kila ununuzi udai nenosiri, na nenosiri hilo mtoto asilijue.